Babu kaondoka, kaunta buku limebaki

Jumapili Babu alikuja kijiweni amepakiwa. Nianze hapo maana wengine mliokuwepo mlicheka, mi sikucheka. Mtu ninayemjua miaka 13 na sijawahi kumwona siti ya nyuma ya pikipiki ya mtu, anashuka kwenye Boxer ya bodaboda kamshika dogo bega, halafu hata elementi hajavua (najua ni helmeti, tuacheni) keshainama anabonyeza cheni kwa kidole gumba. Anaisukuma juu, anaiachia, anaisukuma tena. "Mwanangu, hii inacheza vidole vinne. Sentimita 2 mpaka 3, basi. Ikichomoka ukiwa kwenye mwendo inakaba tairi la nyuma, utajikuta chini." Dogo anaitikia sawa mzee nitaikaza, na macho yake yanasema nipe buku mbili yangu nisepe.

Ndo tulikuwa tunamuaga siku hiyo. Anarudi kwao Njombe, wanae wameshaamua na safari hii hakubisha. Ni macho. Presha ya macho ina tabia mbaya, inakula pembeni kwanza, mtu mbele anaona fresh kabisa kwa hiyo hajui kama anapoteza kitu. Mwezi wa tatu saa 12 jioni toroli la machungwa lilimtokea kushoto pale Buguruni na hakuliona mpaka limefika kwenye goti. Hakuumia. Alisukuma pikipiki kwa mguu mpaka nyumbani, akapaki, na hajaiwasha tena mpaka ilipopata mteja.

Kwa wasiomjua, Babu sio fundi, watu wengi wanakosea hapo. Alikuwa bwana shamba wa serikali, enzi zile wanapewa Yamaha AG100, ile tuusitroku ya mashambani yenye keria mbele na nyuma, unazunguka vijiji na kila jioni unajaza logibuku: umetoka wapi, umefika wapi, kilomita ngapi, lita ngapi, nani kakusainia. Akastaafu kazi ila kuandika hakustaafu. Alipoanza kuja gerejini kwetu Ilala akakuta kila mtu anauliza swali lilelile, pikipiki yangu asubuhi haiwaki, pikipiki yangu inakula oili, na fundi anajibu kila mtu kivyake kutegemea siku hiyo kaamkaje. Kesho yake akaja na kaunta buku la kwaya tatu na penseli imefungwa kwa uzi, akalitundika kwenye msumari wa mwarobaini. Andika tatizo lako, usiku naenda nalo nyumbani, kesho unakuta jibu.

Yamefika tisa yale makaunta buku. Jibu lake halikuwa "peleka kwa fundi". Alikuwa anachora. Anakuchorea kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, imepasuliwa katikati kama papai, hapa boya, hapa sindano, hapa jeti kubwa, halafu mshale, "uchafu unakaa HAPA". Na ukiuliza kitu ambacho mwenzio keshauliza mwaka juzi hakwambii katafute kurasa za nyuma, anakuandikia upya yote, na kama we ni mgeni wa pikipiki anaandika taratibu zaidi. Mi mwenyewe nilishamuuliza la plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli, mara tatu. Ya tatu nilifanya makusudi, nione kama atachoka.

Hiyo ya plagi nilikuja kuielewa barabarani. 2014 tulienda nae kwao, pikipiki nne, kama kilomita 700 kutoka Dar. Mikumi tulivuka asubuhi, alikuwa hataki kabisa kupita hifadhini jua likiwa linazama, 50 kwa saa na macho kwenye nyasi, tembo hasomi kibao alisema. Ruaha Mbuyuni tukanywa chai, Kitonga tukapanda nyuma ya malori yanayotembea kama yanasali. Mpaka hapo sina shida. Baada ya Makambako kuelekea Njombe chombo changu kikaanza kukohoa, navuta moto hakiendi, kinatoa moshi mweusi, kinanuka petroli. Nikajua ndo injini imenoki, imekufa. Nilikuwa nimeikopea ile pikipiki, rejesho bado miezi minne, nilikaa chini kwenye majani nikashika kichwa.

Babu akaja na spana ya plagi, akaifungua ikiwa bado ya moto akaishika kwa kitambaa, akanionyesha. Nyeusi, ina masizi makavu kama sufuria ya kuni. "Plagi ni ulimi wa injini," akasema. "Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, inakula vizuri. Ikiwa nyeupe inakufa njaa. Hii yako imeshiba mpaka inatapika." Nikamwambia Babu lakini Dar ilikuwa vizuri. Akacheka. "Dar upo usawa wa bahari, hapa unakaribia mita 2,000. Petroli ni ugali, hewa ni mboga. Huku juu mboga imepungua, na kabureta yako ni mpishi wa Dar, bado inapakua ugali uleule." Akafungua kabureta palepale barabarani, akatoa sindano, ile klipu ndogo akaihamisha tundu moja kwenda juu ili sindano ishuke ipitishe petroli kidogo, akafunga. Dakika 20 haziishi. Chombo kikawaka, kikavuta kama kimepewa mgongo mpya.

Halafu akachukua kalamu akaniandikia mkononi, kwenye ngozi kabisa, RUDISHA KLIPU IRINGA. Maana ukishuka nayo Dar hivyohivyo, mboga inakuwa nyingi ugali mdogo, injini inachemka, unaweza kutoboa pistoni. Nikarudisha. Wino ulinikaa siku mbili.

Watu wanasifia ufundi wake ila mi nilimpendea hilo la kukumbuka kwamba we utasahau.

Kuna mengine tulikuwa hatuelewani. Pikipiki za injekta, zile zisizo na kabureta, petroli inapimwa na kompyuta, alizichukia bila sababu, yaani injini inayojirekebisha yenyewe kwenye mlima, kitu ambacho kingeniokoa siku ile, ye anaiita "redio yenye magurudumu". Na hadithi ya CG125 tumeisikia mpaka basi. Kila mgeni lazima asimuliwe, kwamba wahandisi wa Honda waligundua huku kwetu na nchi kama zetu watu wanapakia magunia, oili haibadilishwi mpaka iwe uji, na zile injini zenye cheni ndani ya kichwa zinakufa, basi 1976 wakatoa CG ya fimbo za kusukuma vavu (vile vimlango vya injini), ya watu wasiojali. "Ilitengenezwa kwa ajili ya wavivu, na mpaka leo inawavumilia," anamalizia, halafu anakuangalia wewe. Ila ni kweli bana, injini nyingi za Kichina zilizojaa mjini ukiifungua unamkuta CG ndani, ndo maana ukijua moja umejua mtaa mzima.

Na ile ya wembe. Tapeti za CG, zile zinazobonyeza vavu, zinaachiwa upenyo wa 0.08 milimita, nani ana kipimo cha hivyo Ilala? Babu anatoa wembe mfukoni, wembe wa kawaida wa kunyolea, unene wake kama 0.1. Anaupitisha kati ya tapeti na vavu, ukipita kwa kubanwabanwa kidogo anafunga nati. Vijana wakimwambia mzee mbona bado inalia chekechekecheke, anajibu acha ilie, tapeti inayolia iko hai, ogopa iliyonyamaza, hiyo haifungi vavu na inaungua kimyakimya.

Basi Jumapili tukala supu, tukachanga kidogo, mmoja akaleta koti zito maana Njombe mwezi wa sita na wa saba sio mchezo. Hotuba hakutaka. Aliomba kaunta buku la tisa, akalisogeza karibu kabisa na uso, pembeni, kama mtu anayenusa, akajibu maswali mawili yaliyokuwa yamebaki. La tatu penseli ikamkwama, herufi zinapandiana, mstari unapanda juu unaingia kwenye mstari mwingine. Akafunga buku akanipa mimi. Nikamwambia Babu mi sijui kitu. Akasema, "Unajua la plagi. Umeliuliza mara tatu."

Kumbe alihesabu.

Leo alfajiri nimempeleka stendi ya Magufuli pale Mbezi, na ye nyuma yangu, amekaa wima hajanishika hata bega, ananiambia klachi yako unaiachia haraka. Nimempandisha basi, nimemwekea begi, tumeagana kiume yaani kwa maneno machache na haraka. Nimerudi gerejini, nimetundika buku kwenye msumari, na kuna mtu tayari kaandika pikipiki yake asubuhi haiwaki. Nimeliangalia lile swali saa nzima.

Saa saba mchana simu imeita, namba yake, makelele ya wauza vitunguu nyuma. Wapo Ruaha Mbuyuni. Nikasema shikamoo Babu, vipi safari? Safari hakujibu. Anataka kujua kama yule dogo wa Boxer amekaza cheni.