Ngazi za umeme za pembeni: jinsi zangu zilivyohimili tope, chumvi na barafu

Mtu akiona ngazi za umeme, zile za kukanyagia ukipanda gari, zikishuka chini ya milango ya gari langu, neno la kwanza huwa lile lile: "Hizo ni za gari la lami, porini hazikai." Nimelisikia kwa mafundi, nimelisikia kwa madereva wenzangu, na nimechoka nalo. Zangu zimekaa. Zimepita tope zito, vumbi laini linalopenya hadi ndani ya dashibodi, mito, mchanga wa pwani, na njia za milimani ambako asubuhi unakuta barafu imeganda chini ya gari. Mlango ukifunguliwa zinashuka, ukifungwa zinapanda. Kilichokaribia kuziua ni ushauri niliopewa.

Ushauri wenyewe ukiuchuja ulikuwa mmoja: funika. Paka grisi nyingi, vika mpira, ziba, maji yasiingie. Anayesema hivyo hajawahi kulala chini ya gari akaitazama ngazi ikifanya kazi. Kila upande una mota ya volti 12 yenye giaboksi yake ndogo, nayo inausukuma mkono mmoja. Mkono wa pili hauna mota, unafuata tu. Mikono inazunguka kwenye pini na bushi, yaani pete ambamo pini inakaa, na ubao wa alumini umefungwa kwenye ncha zake. Vyote viko wazi, nyuma tu ya tairi la mbele, mahali ambapo kila kinachorushwa na tairi hutua. Huwezi kuuzuia uchafu usifike hapo. Unachoweza ni kuhakikisha unatoka.

Nianze na grisi. Fundi aliyenifungia ngazi alizipaka kwenye kila kiungo grisi ile nzito ya beringi, akaniambia sitazigusa mwaka mzima. Safari ya kwanza ya vumbi ilitosha. Chembe za mchanga zilinasa kwenye grisi, zikageuka msasa, na kila ngazi iliposhuka nilisikia mlio wa kusaga. Nilipofungua pini moja nikakuta tayari ina mistari. Niliitoa grisi yote kwa brashi na mafuta ya taa, kazi ya mchana mzima, kisha nikasoma kitabu kilichokuja na seti. Kimeandika wazi: osha viungo, vikauke, pulizia silikoni. Grisi haijatajwa popote. Silikoni ya kupulizia inakauka na kuacha utando mwembamba usionasa mchanga. Ila isiguse sehemu ya kukanyaga, maana kiatu chenye tope juu ya silikoni ni mguu uliovunjika. Na ile dawa ya kulegezea boliti zilizoshika kutu, ambayo kila mtu anayo garini, si kilainishi cha kutegemea hapa: inasafisha kilichopo, inakauka, na kiungo kinabaki kitupu.

Baada ya grisi likaja wazo la mpira. Dereva mmoja mzoefu alinikatia kipande cha tyubu ya tairi, tukaivalisha mota ya upande wa abiria na kukaza ncha zote mbili kwa vibano. Ilionekana kazi safi. Upande wa dereva niliuacha bila kitu, kwa sababu vibano viliisha, na bahati hiyo ndiyo iliyonipa jibu. Msimu wa mvua ulipokwisha nilifungua ile tyubu, na maji ya tope yakamwagika. Yaliingia kwa njia zake, yakakosa pa kutokea, yakakaa humo wiki baada ya wiki. Mabano ya alumini yalikuwa yameota unga mweupe kuzunguka kila boliti ya chuma. Huo ni ulikaji: metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji yenye chumvi, mkondo mdogo wa umeme hupita kati yake, na inayoliwa ni alumini. Upande wa dereva, uliokuwa ukipigwa na tope lile lile na kuoshwa na mvua ile ile, boliti zilifunguka kwa mkono. Sijafunika kitu tena.

Kuna kinachowapotosha watu wengi, nacho ni ile alama ya IP67 kwenye mota. Maana yake ni kwamba vumbi haliingii, na kwamba imepimwa ikiwa imezama hadi mita 1 kwa dakika 30. Haisemi lolote kuhusu mashine ya kuoshea ya presha iliyosogezwa karibu na sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie. Mimi nashusha ngazi kwa swichi, nazisimamisha zikiwa chini, kisha naipiga presha mikono, pini na uvungu wa ubao, mahali tope linapojibana na kukauka. Mota na soketi za waya zinapata maji ya bomba la kawaida tu. Nikitoka pwani naosha siku hiyo hiyo, usiku hata kama nimechoka, kwa sababu chumvi inanyonya unyevu wa hewa na kuendelea kula gari likiwa limeegeshwa kivulini. Vitundu vya kutolea maji kwenye ubao navizibua kwa kipande cha waya. Halafu nafungua na kufunga mlango mara kadhaa ili maji yaliyobaki kwenye viungo yatupwe nje, ndipo napulizia.

Mtoni kuna jambo ambalo sijasikia fundi yeyote akilisema. Mota iliyopanda na kushuka mfululizo ina joto. Ukiitumbukiza kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili, hata sili nzima. Kwa hiyo kabla ya kuvuka nasimama kidogo, na nazima ngazi kwa swichi. Kuzima kuna faida nyingine: ukilazimika kufungua mlango katikati ya mto, ngazi haishuki juu ya jiwe usiloliona.

Barafu nayo haina ugumu kama inavyosemwa. Maji yaliyobaki kwenye pini yanaganda, mota inasukuma na kushindwa, kisanduku cha kudhibiti kinasoma kwamba kuna kizuizi na kinakata. Kinafanya kazi yake, ndivyo kinavyoukinga mguu wa mtu usibanwe. Usipige nyundo. Jioni nachezesha ngazi mpaka zikauke, nazizima, na asubuhi napulizia spiriti kwenye viungo, mbali na bomba la moshi lenye joto, nasubiri, nagonga ubao kwa kiganja, ndipo nawasha. Maji ya moto sitaki kuyasikia. Yanaganda upya kabla hujamaliza kufunga mlango.

Sasa lile ninalojivunia kuliko yote. Baada ya safari ndefu ya matope ngazi zote mbili zilianza kushuka polepole, zinaishia njiani, zinarudi. Fundi umeme alisikiliza kidogo akasema mota zimekufa, agiza mbili. Bei ya mbili hizo ingenunua vifaa vyangu vyote na chenji ikabaki. Nikakataa, kwa sababu mota mbili zilizofungwa pande mbili za gari haziugui siku moja. Nikafanya jaribio: nikafungua mlango wa dereva peke yake, ngazi ikashuka, kwa uvivu lakini ikafika. Nikafungua wa abiria peke yake, vivyo hivyo. Nikamwita mwanangu, tukafungua ya dereva na abiria kwa pamoja, zote zikakwama njiani.

Hapo nikajua. Zikifanya kazi pamoja mkondo unaongezeka maradufu, kwa hiyo shida iko mahali umeme wa zote mbili unapopita. Nikachukua mita, ncha moja kwenye hasi ya betri, ya pili kwenye waya hasi wa kisanduku cha kudhibiti, mwanangu akafungua milango. Ngazi zikiwa zimetulia mita ilisoma sifuri, na ndiyo maana waliopima gari likiwa limelala hawakuona kitu. Zilipoanza kusukuma ikapanda karibu volti 2. Hesabu yake ni fupi: ukinzani wa omu 0.1 tu, mkondo ukiwa ampea 20, unameza volti 2, na mota zinabaki na 10.

Waya ule ulikuwa umefungwa kwenye chesisi juu ya rangi, ndani ya upinde wa tairi, na kutu imejaa chini ya washa, kile kiduara cha chuma cha chini ya boliti. Nikaikwangua rangi hadi chuma king'ae, nikakata kichwa cha waya kilichogeuka kijani, nikafunga kipya na washa yenye meno. Nikakaza kwanza, ndipo nikapaka grisi ya kulinda umeme kwa juu. Hiyo ndiyo grisi pekee iliyobaki kwenye ngazi zangu. Tulipofungua milango zilishuka kwa pamoja bila kusita. Fundi nilimpelekea gari alione, akauliza nilinunua mota wapi.

Tangu hapo nimebadilisha bushi za upande wa dereva tu, maana mlango huo ndio unaofunguliwa kutwa nzima. Dalili yake ni rahisi kuiona: shika ncha ya ubao ukiwa umeshuka, uinue na kuushusha kwa mkono. Ukicheza kwenye pini, badilisha bushi mapema, kabla pini haijaanza kuchimba mkono wa alumini, kwa sababu mkono ukishachimbika hakuna bushi itakayokaa. Mota ni zile zile zilizokuja na seti.