Siku moja maishani mwangu: fundi wa kukaza ngoma, Unguja

Saa kumi na moja alfajiri nishaamka, naswali, chai na boflo, afu napitia ngozi moja moja kwa kidole. Mi sipigi ngoma, mi nawamba na kukaza. Watu wakiskia wanauliza "na hiyo nayo ni kazi?" Ndo kazi, imesomesha watoto watatu.

Saa tatu tunapakia vyombo vya onyesho la usiku: vidumbak (ngoma zetu ndogo), sanduku (besi ya kamba), cherewa (manyanga) na mkwasa (vijiti vya kugonganisha). Saa tano tuko ukumbini Mji Mkongwe, ule wa wazi, bahari hapo hapo.

Mchana wapigaji wageni wakaingia. Wa ngoma ya jembe kutoka Guinea anavuta kamba zake mwenyewe, wa konga, ngoma ndefu za Kuba, ana spana, wa tabla, ngoma za Kihindi, ana kinyundo anagonga ukingoni taratibu, na lile doa jeusi la katikati ya ngozi hataki mtu aliguse, namuelewa kabisa. Vidumbak vyetu ni vya udongo na ngozi ya mbuzi, havina skrubu, dawa yake moto.

Saa kumi manyunyu yakaanza. Saundi cheki kidumbak kinasema puu puu badala ya kulia, ngozi imekunywa unyevu. Nikawasha makumbi pembeni, mlinzi huyo, "mzee wangu moto hapa hauruhusiwi." Sawa, jengo la zamani, nikazima. Nikaenda kwa msimamizi wa jukwaa, kijana mdogo, anajibu huku anachezea simu, eti si tutaongeza sauti kwenye miksa. Nikamwambia mwanangu, ngoma iliyolegea ukiiongeza sauti unapata puu kubwa zaidi, akacheka akaniambia basi tumia draya ya saluni! Nikabeba vidumbak vyote viwili kifuani mpaka ufukweni, nikawasha makuti na makumbi, unazungusha, unagonga, unasikiliza, unasogeza tena, ukizidisha ngozi inapasuka na onyesho limekwisha, moshi machoni, manyunyu mgongoni, watoto wamenizunguka wanauliza babu unachoma nini. Nikarudi, robo saa tu vimelegea tena kwa ule upepo wa bahari. Nikatoka tena. Na tena. Mara ya tatu miguu inatetemeka, mlinzi yule yule kaniangalia, kaenda kuongea na wakubwa, karudi na jiko la makaa na ndoo ya maji, "mzee kaa hapa nyuma ya jukwaa, mi nasimamia." Mungu ambariki.

Sijui ilikuwa saa ngapi walipopiga wote pamoja, jembe, konga, tabla, afu kidumbak kikaingia juu yao kikali, kila kidole kinasikika, watu wakasimama. Mpigaji wetu akageuka nyuma akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nimeinamia jiko napasha cha pili.

Saa nane usiku nyumbani. Vidole vimebabuka, na kidumbak kimoja kina ufa mdogo pembeni, asubuhi nakimbilia kwa muuza ngozi maana kesho kutwa kuna harusi.