Meno ya Maji ya Chai

Juzi kitindamimba wangu alikuwa mezani na kazi zake za likizo, mimi nachambua maharage. Akauliza bila kuinua kichwa: "Mama, kwani atomi zikikaa kila moja kivyake zinapungukiwa nini? Lazima ziungane?" Kabla sijajibu akaongeza, "Hapa wametoa mfano wa florini." Nikacheka, na papo hapo kiganja kikapanda kufunika mdomo. Mkono huu una mazoea ya tangu Moshi.

Kwetu mnakujua: Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, Arusha. Floraidi, yaani florini ikishapata elektroni ya ziada, inatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, inaingia kwenye chemchemi na visima, inaishia kwenye meno ya watoto. Pale Ngurdoto wanatafiti namna ya kuichuja kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, maana floraidi ikikutana na kalsiamu ya mfupa inang'ang'ania hapo. Sisi nyumbani tulichota tukanywa. Na kwa kuwa kila mtu alikuwa na meno ya kahawia, sikujua kama yangu yana rangi. Nilikuja kuambiwa bwenini Moshi, siku za mwanzo kabisa, pale msichana wa kitanda cha juu aliponimulika tochi mdomoni akauliza kama natafuna tumbaku. Basi nikaacha kucheka. Kidato cha kwanza kikapita hivyohivyo.

Kidato cha pili tulipata mwalimu wa kemia, mtu wa Bukoba, mpole, sweta moja mwaka mzima. Akiona tumemkodolea macho, anaachana na Kiingereza cha kitabu na kuhamia Kiswahili. Siku moja ubaoni aliandika jinsi elektroni zinavyojipanga kutoka ndani kwenda nje: kalsiamu, 2:8:8:2, na florini, 2:7.

"Hii florini," akasema, "hakuna elementi inayovuta elektroni kuishinda. Nje ina saba, pengo moja. Kalsiamu ina mbili za nje. Zikija florini mbili, kila moja inaondoka na elektroni yake. Kalsiamu inabaki na chaji chanya mbili, kila florini ina hasi moja. Chanya na hasi zinavutana, hapo bondi imefungwa."

Mmoja akauliza kama kalsiamu inafurahia kutoa. Darasa likacheka, Mwalimu hakucheka.

"Hakuna anayefurahia. Kunyofoa elektroni ni gharama, ni deni. Chaji zikishasogeleana, nishati inayotoka inalipa deni na chenji inabaki. Zimekaa pamoja kwa sababu hapo nishati yao iko chini kuliko zikiachana. Mambo ya kupenda na kutaka tunayasema sisi."

Halafu akaanza kutembea katikati ya meza, chaki mkononi. Alisimama kwangu. Namkumbuka kuanzia kiunoni: kifungo cha chini cha sweta kilikuwa cheusi, vingine vya kahawia, na vumbi la chaki lilikuwa limejaa kwenye mfuko.

"Wewe mtu wa Meru?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hebu cheka kidogo."

Darasa zima likageuka, nikasikia stuli zikiburuzwa sakafuni. Sikuweza kucheka. Nikafungua mdomo kama mtoto wa kliniki, macho nimeyatuliza kwenye kile kifungo. Akainama, chaki ikaja karibu na mdomo wangu bila kunigusa, ikawa inaonyesha jino moja moja.

"Tazameni. Ganda la jino ni kalsiamu na fosfati, na ndani yake kuna haidroksidi, oksijeni na hidrojeni zilizoshikana zikiwa na chaji hasi moja. Floraidi ina chaji ileile na ukubwa unaokaribiana, kwa hiyo inaingia nafasi ya haidroksidi na inakaa vizuri zaidi. Asidi inayowatoboa ninyi meno mkila pipi itahangaika sana hapa. Meno ya huyu ni magumu kuliko yenu."

Akarudi ubaoni, akaendelea na magnesi na oksijeni kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jioni foleni ya chakula nzima iliniita Florini, na jina likaganda mpaka kidato cha nne. Yule wa tochi alikuja tena na tochi yake, safari hii akabisha hodi kwenye chandarua kwanza. Kidato cha tano nikazikuta tarakimu za lile deni: kunyofoa elektroni mbili za kalsiamu ni kama kilojuli 1,735 kwa moli, florini mbili zikizipokea zinarudisha 656 hivi tu, na ayoni, yaani hizo atomi zenye chaji, zikijipanga kuwa fuwele zinatoa zaidi ya 2,600. Mwalimu hakutudanganya.

Kwenye meno ndipo alipoishia nusu. Floraidi kidogo huliimarisha ganda, ndiyo maana inatiwa kwenye dawa ya meno. Ikizidi katika maji wakati meno ya mtoto yanaumbika (Shirika la Afya Duniani linashauri isipite miligramu 1.5 kwa lita), ganda linatoka na vitundu vidogo, na rangi inajipenyeza humo baadaye. Ganda la hivyo humeguka. Sijui kama alilijua hilo akaamua kunisitiri, au kitabu chake nacho kiliishia hapo. Siku nyingine namshukuru. Siku nyingine nikikumbuka zile stuli uso unawaka moto.

Jino langu la mbele limeshamegeka pembeni. Daktari ameniandikia bei ya kuyafunika yote yawe meupe. Nimemwambia nitafikiria, ingawa kwa bei ile hakuna cha kufikiria.