Bastola imegoma leo

Nimerudi kutoka uwanjani sasa hivi, vumbi la Chamwino bado limejaa kwenye viatu.

Ile bastola yetu ya kuanzishia mbio, ya fataki, ya bei ndogo, niliyoikuta shuleni nilipohamia, leo imegoma mara tatu. Springi ya nyundo imelegea na kifyatulio kinacheza.

Fainali ya mita 100, wasichana.
Nikasema "Tayari..." nikavuta.
Ka!
Hakuna mlio, hakuna moshi.

Watano wakachomoka. Mmoja, pekupeku, akabaki ameinama vilevile, vidole nyuma ya mstari wa chokaa, anasubiri mlio niliomfundisha mwenyewe kuusubiri. Hata kugeuka hakugeuka.

Jamani, nimeumia.

Tulirudia, bastola ikalia. Lakini ile picha haijanitoka.

Fundi mmoja wa kule mtaa wa Majengo anasema atabadilisha springi na kuchonga pini mpya, ila gharama inakaribia nusu ya bei ya bastola nyingine. Wenzangu wanasema nitumie filimbi, yaishe.

Filimbi haina moshi! Mshika saa kule mwisho anabonyeza akiona moshi, maana sauti huchukua karibu sekunde 0.3 kumfikia. Kwa mtoto anayeitafuta nafasi ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, hiyo si ndogo.

Moyo unanituma nimpelekee fundi kesho asubuhi.

Walimu wa michezo mlioko humu, ninyi mngefanyaje? Kuna aliyewahi kuifufua ya namna hii ikadumu?