Karata kali wekea dau, achana na wanaokwambia vizia

Kuna ushauri mmoja wa poka unaniudhi kupita kiasi, na kila aliyewahi kushika karata hapa Mtwara lazima akupe: ukipata karata kali jifanye huna kitu, nyamaza, waache walete wenyewe. Nimeimbiwa hivo tangu naanza kukaa mezani. Mi nasema kwa meza zetu za mtaani huo ushauri unagawa mali bure, na tangu nimeanza kufanya kinyume chake ndo nimekuwa mtu wa kuondoka na mzigo.

Tunacheza ile Texas Hold'em, karata 2 mkononi na 5 mezani, barazani kwa jamaa yetu huku Shangani. Chipu zetu ni korosho ghafi, kila mtu anapewa 80, na mnachanga kama buku mbili tatu hivi ambazo zote zinaishia kwenye pweza na soda. Mkitaka kuiga chagueni korosho nzima, maana ganda likipasuka yale mafuta yake yanababua vidole na yakigusa karata yanaacha doa, na doa likikaa mgongoni kwa A ya shupaza basi meza nzima inajua iko kwa nani. Pakiti tushabadilisha kwa ajili hiyo.

Sasa huyo mwalimu wa kuvizia, kaka yetu mkubwa tunamheshimu sana, akapata A mbili. Tuko sita. Badala ya kuongeza yeye akafuata tu kimyakimya, na sisi wote tukaingia kwa bei chee, hadi yule aliyekuwa na dau la lazima, lile linalowekwa kabla ya kuona karata, akaona karata za mezani bila kuongeza hata korosho moja. Zikafunguliwa tatu: J, 7, 2. Kaka akacheki, yaani hakuweka dau, bado anavizia! Yule wa dau la lazima alikuwa na 7 na 2, karata ambazo mtu akiongezewa kidogo tu anazitupa bila kuzitazama mara mbili, na pea zake mbili zikaila pea ya kaka mpaka korosho ya mwisho. Halafu kaka analaumu bahati. Bahati gani kaka? A mbili dhidi ya mtu mmoja zinashinda kama mara 85 kwenye 100, ila mkiruhusu watu watano wabaki nazo mpaka mwisho zinashuka hadi kwenye 49 hivi. Hakuna aliyekuzidi, ila wote kwa pamoja wanakuzidi, ndo maana unaongeza dau mapema, uwapunguze na watakaobaki walipie.

Mi nikiwa na karata kali, kabla sijaweka dau najiuliza swali moja tu: nani ana karata mbovu kuliko zangu na bado atanifuata? Nazitaja kichwani kabisa, huyu ana K, yule anasubiri shupaza ya kutimiza tano za aina moja. Nikikosa hata mmoja wa kumtaja, siweki.

Ngoja niwape moja niliyoifurahia. Nimepata 8 mbili, nikaongeza hadi korosho 6, wakanifuata wawili, mmoja wao ni mvuvi wa Msangamkuu ambaye akishika K haitupi hata umwambie nini. Zikafunguka K ya kopa, 8 ya shupaza, 3 ya shupaza. Nina 8 tatu! Kaka pembeni ananikonyeza, tulia. Nitulie nini wakati mvuvi kashaanza kuzipanga korosho zake kwa mistari, na akianza kupanga ujue kapata kitu? Nikaweka 10. Mmoja akatupa, mvuvi akafuata. Ya nne ikaja 6 ya uru, nikaweka 24. Akazisugua sugua karata zake kwenye goti, "mdogo wangu unanitisha na nini?", akafuata. Ya mwisho 2 ya pau, shupaza haikuja, nikasukuma 40 zote zilizobaki. Alikaa pale mpaka soda yangu ikaisha, akalipa, akafunua K na Q.

Angalieni hesabu. Ningecheki zile tatu za kwanza kama nilivyokonyezwa, mzigo ungebaki mdogo na mwishoni hakuna namna mtu atakubali kulipa 40 kufuata mzigo wa 18. Dau linakua kwa sababu lilianza mapema. Na angekuwa na shupaza mbili, kuna karata 9 za kumwokoa, akiachiwa aone zote mbili zilizobaki anapata kama mara 35 kwenye 100. Kwa nini aone bure?

Hata mwaka 2003 kule Las Vegas, Chris Moneymaker alipochukua mashindano ya dunia na dola milioni 2.5, ya mwisho alikuwa na 5 na 4, mezani J, 5, 4. Sam Farha ana J na 10. Moneymaker alicheki kweli, ila Farha alipoweka tu akamwongezea hapohapo, hakungoja karata ya nne, na mali yote ikaingia palepale kwa sababu Farha alikuwa na J ya kulipia.

Kunyamaza kuna pahala pake. Una K mbili, mezani zikaja K, K, 3, wenzako watakulipa na nini wakati K zote unazo wewe? Hapo cheki, acha mtu apate japo pea yake. Ila hiyo ni nadra mno.

Mvuvi naye kashanisoma, siku hizi nikiweka dau mara mbili anatupa K yake huku analalamika. Kwa hiyo yeye nikiwa na karata kali nampunguzia dau la pili, nikiwa sina kitu ndo namsukumia kubwa, na bado anatupa.