Petroli ya elfu tano

Tulikuwa tumeshavuka daraja la Sabaki, Mambrui bado hatujaiona, pikapu ikaanza kukohoa. Shangazi, aliyepakata sinia la halua ya harusi ya Lamu, akaniuliza kama gari langu lina pumu. Nikakanyaga mafuta. Likagonga kwa chuma kikavu, likatema moshi mweupe, likazimika chini ya mwembe.

Nikatia swichi mara tatu, mara nne. Ndipo nikaikumbuka risiti mfukoni. Petroli, lita 27.

Kule Malindi nilimwambia kijana wa pampu "tia ya elfu tano" nikaendelea na simu yangu. Dizeli sikuitaja. Na mdomo wa bomba la petroli ni mwembamba, unaingia kwenye tundu la tangi la dizeli bila ubishi. Bomba la dizeli ndilo nene, ndilo linalokataa kuingia kwenye tangi la petroli. Basi wa kuumia ni sisi wa dizeli.

Fundi alikuja na bodaboda, mpira shingoni, dumu mkononi. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba," akajibu, akachomoa ufunguo akautia mfukoni mwake.

"Ukiwasha tena unaiua pampu, mwanangu."

Dizeli ina utelezi, akasema, na utelezi huo ndio mafuta ya kulainisha pampu ya presha. Petroli inauosha, chuma kinasaga chuma, na unga wake unakwenda moja kwa moja kwenye nozeli zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini. Tena dizeli huwaka kwa kugandamizwa tu, petroli haitaki hivyo. Ndiyo sababu ya kugonga kule.

Akafungua filta, akamimina kilichomo kwenye chupa ya maji iliyokatwa shingo. "Chovya kidole. Sugua." Ubaridi ukanipanda hadi kwenye kucha, na kabla sijamaliza kusugua kidole kilikuwa kikavu, karibu cheupe. Dizeli ingeniachia ute hadi jioni. Kisha akaomba kitambaa cheupe cha Shangazi, akachujia humo, akakigeuzageuza juani akitafuta kinachometameta. Wakati huo hata Shangazi alinyamaza, jambo nisilolizoea. Hakikuonekana kitu.

"Una bahati. Kingemetameta, ungeuza hiyo halua na sinia lake."

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya mikono. Alilegeza nati ya chini ya tangi, akamfukuza kijana aliyekuja kushangaa na sigara mdomoni, akafunga filta mpya. Bodaboda ikaleta dizeli lita 20. Akabonyeza kile kipampu cha juu ya filta, povu likatoka, likapungua, likaisha. Ndipo akanirudishia ufunguo. Gari likatikisika kama punda aliyeamshwa, likafuka, likatulia.

Gongoni tuliingia alasiri. Nikashuka, nikasimama kando ya pampu. "Dizeli," nikasema. "Dizeli."

Shangazi akateremsha kioo. "Inuse kwanza!"