Hachoki, Naye Amechoka

Nabii Isaya anauliza: “Je! Wewe hukujua? Hukusikia? Yeye Mungu wa milele, BWANA, Muumba miisho ya dunia, hazimii, wala hachoki” (Isaya 40:28). Yohana naye, akisimulia safari ya kutoka Uyahudi kwenda Galilaya kwa kupitia Samaria, anaandika kwamba walipofika Sikari, penye kisima cha Yakobo, “Yesu, kwa sababu amechoka na safari yake, akaketi vivi hivi kisimani” (Yohana 4:6). Kitenzi ni kile kile, na si kwa Kiswahili tu; tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Isaya inasema kwamba Mungu hataona njaa wala hatachoka, na neno lililotumika humo kwa kuchoka ndilo alilolitumia Yohana. Njaa nayo ipo karibu, maana wanafunzi wamekwenda mjini kununua chakula.

Maneno “vivi hivi” yanastahili kutazamwa. Yanaleta picha ya mtu asiyechagua pa kukaa, aliyejitua tu kama mzigo. Nayo ilikuwa yapata saa sita. Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati, kwa kuwa sisi, kama watu wa Biblia, tunahesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, hivyo saa sita ya Yohana ni saa sita yetu, jua la utosi, wakati ambao mwenye akili zake yuko chini ya mwembe. Kisima ni kirefu, naye hana kitu cha kutekea. Aliyeyakusanya maji ya bahari pamoja anamwomba mwanamke Msamaria mwenye mtungi: “Nipe maji ninywe.”

Mahubiri mengi juu ya sura hii, yangu yakiwamo, huukimbilia mstari wa maji yaliyo hai na kuuruka uchovu, au, vibaya zaidi, hudokeza kwamba Bwana alijifanya kuchoka ili apate nafasi ya kuzungumza na yule mwanamke. Kosa hilo ni la kale. Tangu mwanzo walikuwako waliosema kwamba mwili wake ulikuwa sura tu machoni pa watu, kwa sababu waliona haya kumhusisha Mungu na jasho, na Waraka wa Kwanza wa Yohana unawawekea kipimo: kukiri kwamba Yesu Kristo “amekuja katika mwili”. Ario, kasisi wa Aleksandria huko Misri, aliteleza upande wa pili, akimhesabu Mwana kuwa kiumbe, naye akakataliwa na mkutano wa maaskofu huko Nikea mwaka 325. Mwaka 451, huko Kalkedonia, ng’ambo ya Konstantinopoli, maaskofu walimkiri Kristo mmoja, Mungu kweli na mtu kweli, mwenye asili mbili zisizochanganyika wala kubadilika, zisizogawanyika wala kutenganishwa.

Maneno hayo huonekana makavu mpaka uyapeleke kisimani. Pale hatuna ruhusa ya kusema kwamba Umungu ulikaa kando ukiitazama miguu ya mwanadamu ikiuma, wala kwamba Umungu uliumeza ubinadamu hata miguu isiume. Aliyechoka ni yeye yule asiyechoka: hachoki kwa asili aliyo nayo milele pamoja na Baba, na alichoka, kweli kabisa, kwa asili aliyoitwaa kwa Bikira Maria.

Yohana hatuambii kama alipewa yale maji. Mwanamke anauacha mtungi wake na kwenda zake mjini, na habari inaendelea. Lakini saa hiyo inatajwa tena katika Injili hiyo hiyo, yapata saa sita, Pilato anapowaambia watu, “Tazama, Mfalme wenu!” (19:14), na baadaye sauti inatoka msalabani: “Naona kiu.” Safari hii tunaambiwa alichopewa. Ilikuwa siki, katika sifongo, juu ya ufito wa hisopo, naye akaipokea.